Mpinzani Lazima Arudi: Ushindani wa Timu Ndogo katika Historia ya Pwani ya Rumonge

Utangulizi

Rumonge iko kilomita zipatazo 70 kusini mwa Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika. Mji unaishi kwa samaki, kwa mawese na kwa bandari. Nyuma yake kuna uwanda mwembamba wa Imbo, kisha vilima vya Mirwa vinapanda kuelekea Bururi. Nilipokuwa sekondari, mpira wetu uligawanyika kama ardhi ilivyogawanyika: shule za ziwani upande mmoja, shule za mlimani upande mwingine. Wao walituita wala ndagala tusio na pumzi ya kupanda hata ngazi. Sisi tuliwajibu kwamba wamezoea kukimbia kwenye mteremko, na ukiwaweka kwenye tambarare wanachoka kabla ya mapumziko. Hakuna mwandishi wa habari aliyekuja kutazama mechi zetu, na sidhani kama kuna daftari lililohifadhi matokeo yake. Lakini aliyewafunga wa mlimani alikopeshwa vitumbua sokoni wiki nzima bila kuulizwa atalipa lini.

Insha hii inauliza kama ushindani mdogo wa aina hiyo una nafasi yoyote katika historia. Jibu langu ni kwamba unayo. Ushindani wa timu za jirani ni mapatano, ingawa hakuna anayeyaandika. Unamtenga mtu na jirani yake kwa dakika 90, lakini unamhitaji jirani huyo awe hai na awe na nguvu za kurudi msimu ujao, maana bila yeye hakuna mechi. Pwani yetu imeonja pia mtengano wa aina ya pili, ule usiotaka jirani arudi kabisa. Nitaeleza jinsi aina hizo mbili zilivyokutana katika historia ya Rumonge na ya nchi nzima, nikianza na mfano kutoka mbali unaosaidia kuiona hoja.

Mfano wa mbali: Amherst na Williams

Tarehe 1 Julai 1859, katika mji wa Pittsfield, jimbo la Massachusetts, Marekani, wanafunzi wa vyuo viwili vidogo, Amherst na Williams, walicheza mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya besiboli kati ya vyuo. Besiboli ni mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbia kuzunguka vituo. Kwa kanuni zilizotumika siku ile kila timu ilikuwa na wachezaji 13, na Amherst ilishinda kwa pointi 73 dhidi ya 32. Vyuo hivyo vilishindana pia katika sataranji, na Amherst ikashinda tena.

Ushindani huo ulikuwa na mzizi wa zamani zaidi. Chuo cha Amherst kilianzishwa mwaka 1821, na mkuu wake wa kwanza alikuwa mkuu wa Williams aliyehama akifuatwa na baadhi ya wanafunzi wake. Kwa hiyo waliokutana Pittsfield walikuwa watoto wa nyumba moja iliyogawanyika. Chini ya miaka miwili baada ya mechi ile, Marekani iliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, vya 1861 hadi 1865, na vijana wa vyuo vyote viwili wakaenda vitani. Vita vilipokwisha, ushindani ulikuwa bado upo. Leo vyuo hivyo vinacheza katika ligi moja ya vyuo vidogo iliyoundwa mwaka 1971, ambayo haitoi ufadhili wa masomo kwa sababu ya kipaji cha mchezo. Wachezaji wengi hawatapata riziki yao uwanjani. Wanacheza kwa sababu wale wengine wanakuja.

Mfano huu una mipaka yake. Amherst na Williams walikuwa upande mmoja wa vita, na mapigano makubwa yalikuwa mbali na viwanja vyao. Hakuna mchezaji wa Amherst aliyeogopa kwamba mchezaji wa Williams angekuja usiku nyumbani kwao. Swali la Rumonge ni gumu zaidi: ushindani wa kirafiki unakuwaje pale ambapo majirani wenyewe ndio waliowindana?

Pwani ya watani

Kabla ya kulijibu, tuiangalie pwani yenyewe. Rumonge imezoea wageni kwa muda mrefu. Mwaka 1879 Mapadri Weupe walifungua hapa kituo chao cha kwanza katika Burundi, na tarehe 4 Mei 1881 watatu kati yao waliuawa. Miaka hiyohiyo wafanyabiashara Waarabu na Waswahili kutoka Ujiji walikuwa wakitafuta njia ya kupanda kutoka ziwani kuingia katika ufalme wa Mwezi Gisabo. Mmoja wao, Muhammad bin Khalfan aliyejulikana kama Rumaliza, alijaribu kwa nguvu za silaha na akazuiwa. Ufalme ulibaki milimani, Kiswahili kikabaki ufukweni. Hadi leo samaki ambaye sisi tunamwita mukeke ndiye huyohuyo anayeitwa mgebuka Kigoma, na wavuvi wanaelewana bila mkalimani.

Kiswahili kilileta na utani. Katika misafara ya karne ya 19 kati ya ziwa na Bahari ya Hindi, makabila yaliyokutana njiani, kama Wanyamwezi na Wazaramo, yalijenga uhusiano wa kutaniana ambao unajulikana mpaka sasa. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele za watu na kukunyang'anya kofia. Lakini mtani huyohuyo ana wajibu wake msibani: ndiye anayesaidia mazishi, na ndiye anayewachekesha wafiwa. Si ajabu basi kwamba mashabiki wa Tanzania walipotafuta neno la kuita uhasama wa Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, walisema ni watani wa jadi. Neno hilo lina maana nzito kuliko "wapinzani". Linasema kwamba anayekucheka Jumapili atakuwa kwenye matanga yako Jumatatu.

Katika Burundi, shirikisho la mpira lilianzishwa mwaka 1948, wakati wa utawala wa Wabelgiji. Mitaa ya Waafrika ya Usumbura, kama Buyenzi, ilikuwa mitaa ya Waswahili, watu wa asili nyingi waliounganishwa na lugha, biashara na, kwa wengi wao, Uislamu. Humo ndimo Mwana wa Mfalme Louis Rwagasore alimopata baadhi ya wafuasi wake wa mwanzo. Chama chake cha UPRONA kilishinda viti 58 kati ya 64 katika uchaguzi wa Septemba 1961, na tarehe 13 Oktoba mwaka huo aliuawa kwa risasi katika hoteli iliyo kando ya ziwa hili. Baadaye jina lake lilipewa uwanja wa mpira wa Bujumbura, ambao mwaka 2019 uliitwa upya Intwari, yaani mashujaa. Jina la Rwagasore lilipewa pia umoja wa vijana wa chama, na kufikia mwaka 1972 vijana wa umoja huo walishiriki kuwakamata wenzao. Jina moja, basi, lilibebwa na uwanja ambamo watu walishindana na kurudi nyumbani, na pia na umoja uliowapeleka watu mahali ambapo hawakurudi.

Orodha mbili za 1972

Jioni ya tarehe 29 Aprili 1972, makundi ya waasi Wahutu yalishambulia Rumonge, Nyanza-Lac na sehemu nyingine za kusini, yakaua Watutsi wengi, wakiwemo raia wasio na silaha. Serikali ya Michel Micombero ilijibu kwa ukandamizaji ulioenea nchi nzima na kudumu kwa miezi. Walioandamwa hasa ni Wahutu waliosoma au waliokuwa wakisoma: walimu, wauguzi, makarani, wafanyabiashara, wanafunzi wa chuo kikuu na wa sekondari. Makadirio ya waliouawa huwekwa kati ya laki moja na laki tatu. Watu zaidi ya laki moja walikimbia nchi, na wengi wa pwani hii walivuka ziwa kwa mitumbwi kwenda Kigoma.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mwanafunzi wa sekondari mwaka ule, na alicheza katika timu ya shule yake. Kwa muda mrefu sikujua hilo, kwa sababu habari za shule hakuzisimulia. Siku moja aliniambia kwamba kila Jumamosi asubuhi mwalimu wa michezo alisimama mlangoni na kusoma majina 11 ya watakaocheza, na kila mmoja alikaa akiomba jina lake lisomwe. Mei 1972 alikuja mtu mwingine na orodha nyingine, na kila mmoja akaomba jina lake lisisomwe. Hakunitajia majina ya waliochukuliwa. Alitaja nafasi zao tu: kipa, namba tano, winga wa kulia. Yeye alitoroka, akafika ziwani, akavuka.

Katika madarasa yetu ya historia 1972 huelezwa kwa idadi ya waliouawa na kwa majina ya viongozi, na ni sawa. Lakini orodha hizo mbili za babu zinaonyesha jambo ambalo idadi haiwezi kulionyesha. Ile ya kwanza iliwagawa vijana kwa uwezo wao wa siku ile, na wiki iliyofuata ingeweza kubadilika. Ya pili iliwagawa kwa kuzaliwa, na haikuwa na wiki iliyofuata. Timu iliyobaki, hata kama ingepata wachezaji wa kujaza nafasi, ingewezaje kupangwa tena na majirani waliokuwa wakitazamana kwa hofu?

Kutoka fainali hadi waviziaji

Miaka 20 baadaye mpira wa Burundi ulifika mahali ambapo haukuwahi kufika. Mwaka 1992 klabu ya Vital'O ya Bujumbura iliingia fainali ya Kombe la Washindi la Afrika. Ilitoka sare ya 1-1 nyumbani na Africa Sports ya Côte d'Ivoire, kisha ikafungwa 4-0 Abidjan. Hata hivyo, kwa nchi ndogo kama yetu, kufika fainali kulikuwa jambo kubwa. Chini ya mwaka mmoja baadaye, tarehe 21 Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa kwa kura mwezi Juni, aliuawa, na nchi ikaingia vitani.

Hapa lazima tuseme ukweli unaoipinga hoja yangu. Mpira haukuzuia kitu. Watu walioshangilia timu moja mwaka 1992 waliwindana mwaka 1993. Mitaa ya Bujumbura ilichujwa, huu ukawa wa Wahutu, ule wa Watutsi. Barabara ya kitaifa namba 3, inayotoka Bujumbura kupitia Rumonge hadi Nyanza-Lac, ilijulikana kwa waviziaji. Mechi ya ugenini inahitaji barabara. Basi lisipoweza kutoka Rumonge asubuhi na kurudi jioni, ushindani hufa hata kama wachezaji wote wapo na mpira upo.

Yanayofaa kukumbukwa ni yale ambayo hata miaka ile hayakufa. Nitataja mawili. La kwanza ni la shule ndogo iliyo milimani, nyuma ya Rumonge, katika mkoa wa Bururi ambao Rumonge ilikuwa sehemu yake hadi mwaka 2015. Tarehe 30 Aprili 1997, miaka 25 na siku moja baada ya mashambulizi ya 1972, waasi waliivamia seminari ndogo ya Buta. Waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wanafunzi walikataa kujitenga, na 40 wakauawa. Sisemi kwamba mpira ndio uliowafundisha. Walilelewa katika imani, wakala meza moja na kulala bweni moja. Ninachosema ni kwamba walikataa pande zilizochorwa na wageni wenye bunduki kwa sababu walikuwa tayari na "sisi" yao wenyewe, na "sisi" ya namna hiyo hujengwa na mambo madogo ya kila siku yanayofanywa pamoja.

La pili ni la Kituo cha Vijana cha Kamenge, kilichoanzishwa na wamisionari Waxaveri kaskazini mwa Bujumbura mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kituo hicho kiliwaita vijana wa mitaa sita, yaani Kamenge, Kinama, Cibitoke, Ngagara, Gihosha na Buterere, waje kusoma, kujifunza na kucheza pamoja wakati mitaa hiyo ilikuwa ikipigana. Mwaka 2002 kilipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood. Kwa vijana wale, kucheza na wa mtaa wa pili ulikuwa uthibitisho kwamba yule wa pili bado yupo, ana miguu miwili, na anaweza kukufunga.

Kurudi

Mkataba wa amani ulitiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000, na silaha zikanyamaza polepole katika miaka iliyofuata. Kuanzia mwaka 2008 wakimbizi wa 1972 waliokuwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo nchini Tanzania walianza kurudi, na waliorudi walizidi elfu hamsini. Wengi walirudi pwani hii, na wengi walikuta mashamba yao yana watu wengine, baadhi yao wakiwa wamepewa na serikali ya zamani au wameyanunua kwa nia njema.

Mimi nilikuja na wazazi wangu na babu nikiwa na miaka mitano. Nilizungumza Kiswahili tu, na darasani wenzangu waliniita Mtanzania. Katika shamba la babu kulikuwa na nyumba ya familia nyingine. Baada ya kesi ya muda mrefu ardhi iligawanywa nusu kwa nusu, na mpaka ukawekwa mahali ambapo hakuna hata upande mmoja ulioridhika. Familia mbili zilipita njia moja bila kuamkiana.

Mtoto wa nyumba ile alikuwa wa rika langu. Tulipofika sekondari tulijikuta katika timu moja, mimi namba tatu, yeye namba kumi na moja mbele yangu, upande uleule wa kushoto. Namba tatu na namba kumi na moja wasiposemeshana, upande mzima unavuja. Katika mechi ya kwanza dhidi ya wa mlimani tulifungwa 2-1, na bao la pili lilipita upande wetu. Tulirudi nyumbani kwa njia moja kwa sababu hakukuwa na njia nyingine, na njiani tukagombana: nani alimwacha yule winga wao? Yalikuwa maneno yetu ya kwanza yasiyohusu mpaka wa shamba. Siku ile pia, kwa mara ya kwanza, mashabiki wa mlimani walinitukana kwa kuniita mla ndagala na si Mtanzania. Tusi lao lilinifanya mtu wa Rumonge.

Babu aliposikia ninacheza na mtoto wa jirani, hakuuliza ni wa ukoo gani. Aliuliza, "Anacheza namba ngapi?" Mpaka wa shamba uko palepale. Lakini sasa nyumba zile mbili zinaamkiana.

Mabadiliko makubwa zaidi yanaonekana pia. Kwa miaka mingi ubingwa wa nchi ulikuwa jambo la Bujumbura. Siku hizi vikombe vimepanda barabara: Aigle Noir ya Makamba, mkoa uliokuwa na Nyanza-Lac ndani yake, ilitwaa ubingwa wa msimu wa 2018-19, Le Messager ya Ngozi ikafuata kwa misimu miwili, kisha Flambeau du Centre ya Gitega mwaka 2022 na Bumamuru ya Cibitoke mwaka 2023. Ligi ya namna hiyo inawezekana tu pale mabasi yanaposafiri salama kwenda na kurudi. Ziwa nalo limekuwa tena njia ya mpira badala ya njia ya kukimbilia. Mwaka 2013 Vital'O ilitwaa Kombe la Kagame huko Darfur kwa kuifunga APR ya Rwanda 2-0, na mshambuliaji wake Amissi Tambwe akaenda Simba, kisha Yanga, akiwa mfungaji bora wa ligi ya Tanzania kwa timu zote mbili. Huko Dar es Salaam alitaniwa na pande zote mbili, na utani huo ulikuwa heshima.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba ushindani wa timu ndogo ni ushahidi wa kihistoria. Unapokuwepo, unatuambia kwamba barabara inapitika, kwamba orodha zinazosomwa ni za wachezaji, na kwamba jirani anatarajiwa kurudi. Unapotoweka, tuna haki ya kuuliza nini kimetokea. Hauzuii vita, na historia ya 1992 na 1993 inatosha kututoa katika ndoto hiyo. Kazi yake ni ya kawaida zaidi: unawazoeza watu kumhitaji yule wanayetaka kumshinda.

Kwa hiyo ningependa sisi wanafunzi wa historia tuanze kuandika matokeo ya mechi hizi, majina ya timu, namba za wachezaji na njia walizopita kwenda ugenini. Wazee waliocheza kabla ya 1972 wanazidi kupungua. Babu yangu bado hajanitajia majina ya kipa, namba tano na winga wa kulia. Nitamuuliza tena, na safari hii nitakwenda na daftari.